Windows XP inayoona kiini kimoja tu kwenye Core 2 Duo

Kompyuta inayozungumzwa hapa ni ya duka la kuchapa mabango. Ina ubao mama wa Intel 945G wenye soketi ya LGA775, RAM ya GB 2, na Windows XP Professional ya biti 32 yenye Service Pack 3. Haiwezi kuhamishiwa mfumo mpya: draiva ya printa kubwa iliandikwa kwa ajili ya XP, na programu ya RIP, ile inayogeuza mchoro kuwa nukta za wino, inafunguliwa kwa kifunguo kinachochomekwa kwenye mlango wa paraleli. Prosesa yake ilikuwa Celeron D 331 ya GHz 2.66, yenye kiini (core) kimoja. RIP ikianza kazi, programu ya usanifu iliyo mbele ya fundi inaganda mpaka kazi iishe.

Suluhisho lililochaguliwa lilikuwa zuri. BIOS ya ubao, programu inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows, ilisasishwa kwanza, kisha Celeron ikatolewa na kuwekwa Core 2 Duo E6300 ya GHz 1.86. Si kila ubao wa 945G unaipokea prosesa hiyo. Usomwe ukurasa wa mtengenezaji wa ubao wenyewe, pamoja na namba ya marekebisho iliyochapwa juu ya ubao, kwa sababu tofauti iko pia kwenye saketi ya umeme wa prosesa, na hiyo BIOS mpya haiwezi kuibadilisha. Ubao huu uliipokea. BIOS ikaonyesha viini viwili, kompyuta ikawaka bila malalamiko, na RIP ikawa na kasi zaidi. Ila kuganda kuliendelea vilevile. Kwenye Task Manager kulikuwa na grafu moja, imejaa mpaka juu.

Kosa la haraka hapa ni kusema prosesa ni mbovu au XP ni nzee mno. XP ina uwezo kamili wa kutumia viini vingi: toleo la biti 32 linafika prosesa 32 za kimantiki. Leseni nayo haizuii kitu, maana kwa XP Microsoft ilihesabu soketi, haikuhesabu viini. XP Home inaruhusu soketi moja na Professional soketi mbili, kwa hiyo hata Home inaendesha prosesa ya viini vinne bila shida. (Windows 95, 98 na Me ni habari nyingine: hazina kabisa uwezo wa prosesa zaidi ya moja, na hakuna faili la kuongeza litakaloubadilisha ukweli huo.)

Kuthibitisha kwamba tatizo lipo kweli

Kwenye Task Manager, kichupo cha Performance, fungua View, kisha CPU History, uchague One Graph Per CPU. Kompyuta nyingi zinazodaiwa kuwa na tatizo hili zinaishia hapo: viini vyote vilikuwa vinafanya kazi, ila vimechorwa kwenye grafu moja. Katika kisa hiki chaguo hilo halikubadilisha chochote. Kipimo cha pili kinatolewa kwenye dirisha la amri:

echo %NUMBER_OF_PROCESSORS%

Jibu lilikuwa 1. Hilo ndilo jibu la kuaminika.

Usidanganywe na Device Manager. Chini ya Processors, kompyuta hii ilionyesha E6300 mara mbili, na watu wengi wakiona hivyo hufunga dirisha wakiamini mambo yako sawa. Orodha ile inajengwa kutokana na kile BIOS inachokitangaza kupitia ACPI, utaratibu wa kuieleza Windows vifaa na umeme wa kompyuta. Inasema kuna nini kwenye ubao, haisemi kerneli, moyo wa Windows yenyewe, inatumia nini. Tawi la kuangalia ni lile la Computer. Hapo palikuwa pameandikwa Advanced Configuration and Power Interface (ACPI) PC, na maneno hayo machache yanaeleza ugonjwa wote.

Kwa nini XP haijirekebishi yenyewe

Kati ya kerneli ya XP na vifaa kuna tabaka linaloitwa HAL, nalo ni faili la hal.dll ndani ya C:\WINDOWS\system32. Siku ya usakinishaji, XP huipima kompyuta, huchagua HAL moja kati ya kadhaa zilizo kwenye CD, huinakili na kuipa jina la hal.dll. Kerneli huchaguliwa hivyohivyo. Kwa kompyuta zenye ACPI, HAL ni tatu. Ya kwanza ni halacpi.dll, inayojulikana kama ACPI PC, inayotumia kidhibiti cha zamani cha PIC chenye IRQ (njia ambazo vifaa huiitia prosesa) 0 hadi 15. Ya pili, halaacpi.dll au ACPI Uniprocessor PC, inatumia APIC, kidhibiti kipya zaidi cha kazi hiyohiyo, lakini kwa prosesa moja. Ya tatu, halmacpi.dll au ACPI Multiprocessor PC, inatumia APIC kwa prosesa nyingi. Kerneli zenyewe ni nne: ntoskrnl.exe na ntkrnlpa.exe ni za prosesa moja, ntkrnlmp.exe na ntkrpamp.exe ni za prosesa nyingi, na katika kila jozi ile ya pili ndiyo yenye PAE (Physical Address Extension), njia ya kutumia anwani ndefu zaidi za RAM.

Ugumu ni kwamba kerneli ya prosesa nyingi ikishanakiliwa kwenye system32 inapewa jina lilelile la ntoskrnl.exe au ntkrnlpa.exe. Kwa jina la faili huwezi kuzitofautisha. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, nenda Properties, kichupo cha Version, usome Original File name. Katika kisa hiki hal.dll ilijitaja kuwa halacpi.dll, na ntkrnlpa.exe ilijitaja kwa jina lake lenyewe. Kwa hiyo HAL ilikuwa ya prosesa moja na kerneli pia.

Mashine iliyosakinishwa kwa ACPI Uniprocessor PC mara nyingi hujitengeneza: ukiweka prosesa ya viini viwili, XP hutangaza kifaa kipya, hubadili HAL na kuomba iwashwe upya. Iliyo kwenye ACPI PC haifanyi hivyo, kwa sababu kuhama kutoka PIC kwenda APIC ni kubadili njia ambayo kila kifaa kinapitisha maombi yake kwa prosesa. XP ya duka hili ilitokana na nakala ya diski iliyotengenezwa kwenye mashine ya zamani ambayo APIC ilikuwa imezimwa kwenye BIOS. Hii ni njia ya kawaida sana ya kuupata ugonjwa huu, hasa kwa kompyuta za mitumba zinazojazwa mfumo kwa kunakili diski moja kwenda nyingine: nakala hubeba HAL ya mashine mama popote inapokwenda.

Kuna ushahidi mmoja zaidi unaopatikana bila kufungua faili. Kwenye Device Manager chagua View, Resources by type, ufungue Interrupt request (IRQ). Ukiona namba zinazozidi 15, APIC inatumika. Hapa hakukuwa na namba iliyozidi 15, na vifaa kadhaa vilikuwa vimebanana kwenye IRQ moja.

Kabla ya kugusa HAL

Mambo mawili yaliondolewa kwanza kwenye orodha ya watuhumiwa. La kwanza ni boot.ini, faili linaloiambia kompyuta iwashe XP vipi: mtu akiwahi kuweka /ONECPU au /NUMPROC=1, hata HAL sahihi itaonyesha kiini kimoja. Fungua msconfig, kichupo cha BOOT.INI, Advanced Options, uhakikishe /NUMPROC= haina alama. La pili ni BIOS. Kipengele cha APIC Mode kiwe Enabled, na kile cha kuwasha viini, ambacho huitwa Core Multi-Processing au jina linalokaribiana, kiwe Enabled pia. Hili lina uzito: halmacpi.dll inategemea jedwali la ACPI liitwalo MADT, lenye orodha ya viini na vidhibiti vya APIC. APIC ikiwa imezimwa, HAL hiyo haina pa kusoma, na kompyuta itakwama mapema kabisa katika kuwaka. Kuwasha APIC kwenye BIOS wakati XP bado inatumia halacpi.dll kwa kawaida hakuvunji kitu.

Kisha chukua nakala kamili ya diski kwenye diski nyingine. System Restore haitoshi kwa kazi hii, kwa sababu mfumo usipowaka kabisa hakuna mahali pa kuiendeshea. Zaidi ya hapo, faili tatu za hal.dll, ntoskrnl.exe na ntkrnlpa.exe zilinakiliwa kwenye folda ya C:\WINDOWS\HALZAMA. Folda hiyo iwe ndani ya WINDOWS kwa makusudi: Recovery Console ya XP, dirisha la amri la kurekebisha mfumo usiowaka, inakuruhusu kuingia mzizi wa diski na folda ya WINDOWS, lakini folda nyingine nyingi inazikataa kwa ujumbe wa Access is denied. Nakala uliyoiweka My Documents haitakusaidia siku hiyo.

Jaribio kwa mstari wa pili wa boot.ini

Mafundi wengi wanakosea kwa kuifuta hal.dll na kuweka halmacpi.dll mahali pake, bila kuigusa kerneli. HAL na kerneli ni jozi, na jozi ikivunjika utapata skrini ya bluu yenye STOP 0x00000079, MISMATCHED_HAL, bila njia rahisi ya kurudi. XP ina njia salama zaidi, na inasikitisha kwamba haitumiki sana: kuiambia ipakie jozi nyingine kwa mwasho mmoja tu, huku ile ya zamani ikibaki ilipo.

Kwanza jua kerneli ipi inahitajika. Bofya My Computer kwa kitufe cha kulia, Properties, kichupo cha General. Maneno Physical Address Extension yakionekana chini ya kiasi cha RAM, kerneli ya PAE ndiyo inayotumika. Hapa yalionekana, ingawa RAM ni GB 2 tu, kwa sababu DEP, ulinzi unaozuia data isiendeshwe kama programu, huwasha PAE kwenye prosesa inayouwezesha. Kwa hiyo inatakiwa ntkrpamp.exe.

Faili ziko tayari ndani ya kompyuta iliyosasishwa. HAL inapatikana C:\WINDOWS\ServicePackFiles\i386, inakili kwenda system32. Folda hiyo isipokuwepo, itoe kwenye kabati la SP3:

expand "C:\WINDOWS\Driver Cache\i386\sp3.cab" -F:halmacpi.dll C:\WINDOWS\system32

Kerneli usiichukue hapo kwa haraka. Masasisho ya usalama yaliyokuja baada ya SP3 yaliweka kerneli zote nne, zikiwa mpya, moja kwa moja ndani ya C:\WINDOWS\Driver Cache\i386. Linganisha toleo la ntkrpamp.exe iliyo hapo na la ntkrnlpa.exe iliyo system32: zinatakiwa zilingane. SP3 yenyewe ni 5.1.2600.5512, mfumo uliosasishwa una kerneli yenye tarakimu za mwisho kubwa zaidi, na HAL kubaki kwenye 5512 si tatizo. Tatizo ni kuchukua faili la SP2, 5.1.2600.2180, kutoka kwenye CD ya zamani na kulichanganya na mfumo wa SP3.

Nakili ntkrpamp.exe kwenda system32 kwa jina lake hilohilo. Kisha ondoa kinga ya boot.ini:

attrib -s -h -r C:\boot.ini

Ifungue kwa Notepad, weka timeout, muda wa kusubiri uchague mstari, iwe 10, uache mstari wa kawaida kama ulivyo, na chini yake uongeze huu, wote kwenye mstari mmoja:

multi(0)disk(0)rdisk(0)partition(1)\WINDOWS="Jaribio la viini viwili" /noexecute=optin /fastdetect /kernel=ntkrpamp.exe /hal=halmacpi.dll

Sehemu ya mwanzo, mpaka \WINDOWS, inakiliwe kutoka mstari uliopo. Namba ya partition ikikosewa, XP itadai hal.dll haipo au imeharibika, na fundi atahangaika na HAL wakati kosa liko kwenye anwani.

Kompyuta iliwashwa kwa mstari wa jaribio. Grafu zikawa mbili, NUMBER_OF_PROCESSORS ikajibu 2, na kwenye orodha ya IRQ zikaonekana namba zinazozidi 15. Device Manager iliendelea kuandika ACPI PC, na hapo mtu asishtuke: jina lile linatoka kwenye rejista (registry), hifadhi ya mipangilio ya Windows, na rejista haijaguswa. Jaribio lilipewa saa kadhaa za kazi halisi: kuchapa, kuskani, kunakili faili kubwa kwenda diski ya USB. Kama mfumo ungekwama au kutoa skrini ya bluu, kuwasha upya kwa mstari wa kwanza kungeurudisha kama ulivyokuwa.

Kwa nini usiishi na mstari huo siku zote? Kwa sababu sasisho lolote la kerneli litabadilisha ntoskrnl.exe na ntkrnlpa.exe, na nakala yako ya ntkrpamp.exe itaachwa nyuma.

Kuufanya mfumo ubadilike moja kwa moja

Njia ya vitabuni ni Device Manager: Computer, bofya jina lililopo, Update Driver, Install from a list, Don't search, kisha chagua ACPI Multiprocessor PC. Inafanya kazi pale jina hilo linapoorodheshwa. Mashine iliyoanza na ACPI PC huonyesha majina mawili tu, lilelile la sasa na Standard PC. Usiguse Standard PC. Ukiichagua unaitoa kompyuta kwenye ACPI kabisa: vifaa vyote vinatafutwa upya, kuzima kunaishia kwenye ujumbe wa kukuambia uzime kwa mkono, na mara nyingine haiwaki tena.

Kilichotumika hapa ni DevCon, programu ndogo ya Microsoft ya kusimamia vifaa kwa amri, toleo la biti 32. Kwanza kuangalia hali ilivyo:

devcon hwids @ROOT\ACPI_HAL\0000

Jibu liliitaja acpipic_up. Kisha amri hizi, kwa akaunti ya Administrator:

devcon sethwid @ROOT\ACPI_HAL\0000 := +acpiapic_mp !acpipic_up
devcon update C:\WINDOWS\inf\hal.inf acpiapic_mp
devcon reboot

Alama ya kujumlisha inaongeza kitambulisho kipya mwanzoni mwa orodha, na alama ya mshangao inaondoa cha zamani. Amri ya pili inaisakinisha HAL pamoja na kerneli zake kwa utaratibu wa XP yenyewe, na jozi haivunjiki. XP ikiomba CD, ielekeze kwenye ServicePackFiles\i386 au Driver Cache\i386. Mwasho unaofuata huwa mrefu, vifaa hutambuliwa upya, na huenda ukaombwa kuwasha mara nyingine tena. Ndipo Computer ikasomeka ACPI Multiprocessor PC. Fungua tena Original File name ya hal.dll na ya kerneli, na usome toleo la kerneli: ikiwa imerudi 5512 wakati mfumo ulikuwa juu ya hapo, sakinisha upya sasisho la mwisho la kerneli. Baada ya hapo mstari wa jaribio unafutwa kwenye boot.ini.

Usakinishaji wa kurekebisha kwa CD nao hugundua HAL upya. Unafika hapo kwa Enter, F8, kisha R. Ile R ya mwanzo kabisa ni ya Recovery Console. Unarudisha faili nyingi za mfumo kwenye toleo la CD, kwa hiyo ubaki kuwa njia ya mwisho. Kwa anayesakinisha XP kuanzia mwanzo, F5 ikibonyezwa pale skrini inapotaja F6 ya draiva za SCSI huleta orodha ya HAL, na unachagua mwenyewe. Kwa anayehamisha diski kwenda mashine ya AMD, zima kwanza intelppm, draiva ya prosesa za Intel, kwa kuweka Start kuwa 4 kwenye rejista, la sivyo STOP 0x0000007E inaweza kumpokea. Na kwenye Athlon 64 X2, saa za viini viwili zinaweza kuachana na kuvuruga programu zinazopima muda. /Usepmtimer kwenye boot.ini hulitibu hilo.

Baada ya viini viwili kuonekana

Mwenye duka aliona RIP sasa inasimama kwenye asilimia 50 na kudhani nusu ya prosesa imelala. Asilimia ya Task Manager ni ya viini vyote kwa pamoja. Programu yenye uzi mmoja wa kazi haiwezi kuvuka kiini kimoja, na kwenye viini viwili hiyo ndiyo 50. RIP hii haikupata kasi ya ziada kutokana na kiini cha pili. Kilichopatikana ni kwamba programu ya usanifu ina mahali pa kukimbilia RIP inapokuwa kazini. Kuganda kulikoma.

Eneo la kuchunguzwa kwa muda mrefu zaidi ni draiva za zamani. Draiva iliyoandikwa wakati kompyuta za ofisi zilikuwa na prosesa moja inaweza kuwa na kasoro ya kudhani hakuna mwingine anayegusa data yake kwa wakati uleule. Kwenye kiini kimoja kasoro hiyo inaweza isionekane kwa miaka. Kwenye viwili hujitokeza kama kuganda kusiko na mpangilio, na ya kushukiwa kwanza ni draiva ya kifunguo cha paraleli, kisha ya kadi isiyo ya kawaida. Tafuta toleo lake la mwisho kwa XP kabla ya kulaumu HAL.

Ikiwa inayoyumba ni programu ya kawaida na si draiva, ifunge kwenye kiini kimoja: Task Manager, Processes, bofya kulia, Set Affinity, uache CPU 0 pekee. Mpangilio huo hupotea programu ikifungwa, na amri ya start kwenye XP haina /affinity. Wa kudumu unapatikana kwa imagecfg -u juu ya nakala ya faili la programu, ambayo huiwekea alama ya prosesa moja, au kwa SingleProcAffinity iliyomo kwenye Application Compatibility Toolkit. Ikiwa programu hukagua uhalali wa faili lake, tumia hiyo ya pili, kwa sababu haibadilishi faili.

Affinity haiisaidii draiva, kwa kuwa inaendeshwa ndani ya kerneli. Kwa hali hiyo boot.ini ya duka iliachiwa mstari wa pili unaofanana na wa kwanza, wenye /onecpu mwishoni. Siku printa ikigoma, fundi anawasha kwa mstari huo na kurudia kazi ileile: ikipita kwenye kiini kimoja na kukwama kwenye viwili, draiva ndiyo ya kushughulikiwa, ikikwama kote, atazame kebo, kifunguo na printa yenyewe.